Kibali cha Kuvusha Mahindi

River Road, Nairobi
16 Mei 1971

Kwa dada yangu Bathsheba Nyangate,

Bwakire. Baada ya salamu hiyo ya kwetu, naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Ondieki na watoto, na mvua ya mawe iwe imeyapita majani yenu ya chai bila kuyagusa. Mimi ni mzima. Shida yangu ni chakula tu. Ugali wa hapa hotelini ni mweupe kama chokaa, nami nimeulizia ugali wa wimbi mara nyingi hata mpishi ameanza kunikwepa.

Sasa sikia habari yenyewe, maana najua Machogu wangu wa stoo amekwisha kuitangaza nusu nusu pale Keumbu. Serikali imeunda kamati ya kuchunguza biashara ya mahindi nchi nzima. Tutazunguka, tutasikiliza watu, na kabla ya mwaka mpya tutampa Waziri taarifa ya kumwongoza katika sheria atakazoziandika. Mimi nimo. Walitaka mwenyekiti mmoja wa chama cha wafanyabiashara kutoka wilayani, wakaangukia Kisii. Wengine ni maofisa wa wizara, wenye mashamba makubwa ya Kitale, na bwana mmoja mwenye kinu cha unga ambaye viatu vyake pekee vingeweza kununua ng'ombe. Siku ya kwanza waliniuliza kama ningependa kukaa nyuma karibu na dirisha nipate hewa. Nikawaambia hewa ya mbele inanitosha.

Sikuja huku kupiga makofi, dada. Nimenunua na kuuza mahindi tangu nikiwa na punda mmoja, na leo mimi ndiye wakala wa Bodi ya Mahindi ya serikali kwa upande wetu wote. Najua kibali ni nini. Bila karatasi ile hakuna gunia linalovuka mpaka wa wilaya, na karatasi ile ninayo mimi. Wanaozungumza mezani wengi wao hawajaiona.

Nakuomba jambo moja. Pita Keumbu kila wiki uniangalizie stoo. Machogu ni mwaminifu, lakini wakulima wanamwogopa. Wewe watakuheshimu. Uniandikie pia watu wanasema nini.

Msalimie mama. Mwambie kiti changu kina mto.

Ni mimi mdogo wako,
Obadiah Omwenga


Nyamira
13 Juni 1971

Omwenga, mwana wa mama,

Salamu zako zimefika. Sisi ni wazima. Mama analalamika magoti lakini Sabato iliyopita alitembea hadi kanisani na kurudi, akakataa kushikwa mkono. Habari ya kiti chenye mto imemfurahisha sana. Ameieleza kanisa zima, na sasa watu wanaamini umepewa kazi ya uwaziri. Sijawasahihisha.

Ondieki anakusalimu. Anacheka kwamba mimi na wewe, watoto wa mama mmoja, tunaandikiana Kiswahili. Nilimwambia tulijifunza kushika kalamu Kisumu, wakati baba alipokuwa reli, na kalamu yangu haikupata kujifunza lugha nyingine.

Stoo nimeitembelea. Ni safi, na Machogu anafanya kazi. Nimekaa pale siku ya soko nikasikiliza. Ulitaka kujua watu wanasema nini, basi nitakueleza kama nilivyosikia. Mtu akileta mahindi yake kwako anapewa bei ya Bodi. Anazishika pesa, anashukuru, anatoka. Akifika nje anageuka kutazama upande wa Sotik. Kule ng'ambo ya mpaka wa wilaya, kwenye mashamba makubwa ya chai, kuna wachumaji maelfu ambao hawana hata kipande cha kulima mahindi, na gunia moja kule linauzwa karibu mara mbili ya bei yako. Kutoka kwangu ni mwendo wa asubuhi moja. Huku mahindi ya mwaka jana yanaliwa na fukusi darini, na kule watu wanalala wameshiba maji. Katikati kuna kizuizi na askari.

Kwa hiyo nami nikuulize. Katika kamati hiyo, ni nani anayesema kwa ajili ya mtu mwenye magunia matatu?

Mvua ni nzuri. Mahindi yamebeba vizuri kuliko mwaka jana. Mkeo Orpah alikuja na watoto, wamenenepa.

Dada yako,
Bathsheba


Kitale
18 Julai 1971

Dada yangu mpendwa,

Bwakire. Nimefurahi kusikia mama anatembea. Mwambie apunguze habari za uwaziri, kuna watu Nairobi wanaoweza kuzisikia wakakosa usingizi.

Tuko Kitale wiki ya pili. Dada, nimeona mashamba. Unasimama ukingoni mwa shamba la mahindi na huoni mwisho wake. Mashine moja inavuna kwa siku kile ambacho kijiji chetu kizima kingevuna kwa mwezi. Wenye mashamba wametukaribisha vizuri na hoja yao ni nzito, siidharau. Wanasema mahindi yakiachwa yaende yanakotaka, mwaka wa neema bei itaanguka mpaka wakulima waache kulima, na mwaka wa njaa yatakimbilia penye pesa na mji wa Nairobi ukose unga. Bodi inunue yote, Bodi iyasafirishe, bei iwe moja. Nimewauliza maswali magumu, na juzi Mwenyekiti alisema mbele ya wote kwamba bwana wa Kisii anajua biashara hii kuliko vitabu.

Swali lako nimelipokea.

Yule bwana wa kinu amekuwa rafiki. Tumekula pamoja mara mbili. Kuna jambo kubwa linapikwa, nitakuambia likiiva. Kwa sasa niseme tu kwamba ukoo wetu hautajuta.

Mavuno yakianza, mwambie Machogu aongeze vibarua wawili. Wewe usihangaike na kubeba, tuma watoto.

Mdogo wako,
Obadiah


Nyamira
12 Septemba 1971

Kwa Omwenga,

Nisamehe, nimechelewa kukujibu. Mavuno yamekuwa mengi, halafu nilikuwa na shughuli upande wa Sotik iliyonishika zaidi ya nilivyotarajia. Mama ni mzima. Stoo imejaa hadi mlangoni. Jirani yangu Bitutu anakusalimu.

Furaha yako ya Kitale nimeisoma. Mungu akuongoze.

Sina mengi.

Bathsheba


Nairobi
26 Septemba 1971

Dada,

Leo sianzi na salamu, utanisamehe.

Machogu amenipigia simu. Alitaka kuzungumza habari ya magunia, na mimi nikamuuliza mbona dada yangu ananiandikia barua fupi kama ya deni. Akarudi kwenye magunia. Nilipombana ndipo akasema. Kumbe ulikamatwa kwenye kizuizi mwezi wa nane ukiwa na punda na magunia. Kumbe ulilala seli, wewe na Bitutu, ukapelekwa korti Kisii mjini, mtaa mmoja na duka langu, na mke wangu hakuambiwa. Kumbe mahindi yenu yalichukuliwa. Na wewe unaniandikia, "nilikuwa na shughuli upande wa Sotik."

Askari wa pale wananijua, Bathsheba. Lori zangu hupita hapo kila wiki. Neno moja tu, "Mimi ni dada ya Omwenga," lingetosha. Wangekuomba radhi na kukupa kiti. Kwa nini hukulisema? Na kwa nini uliyapeleka kule, wakati stoo yangu iko wazi na wewe mwenyewe ndiye mwangalizi wake? Hapa mezani naitwa sauti ya Kisii, na dada yangu mkubwa analala kwenye simenti huku mimi nikila nyama na wakubwa.

Nataka jibu. Na nataka kujua kama uliumia.

Obadiah


Nyamira
10 Oktoba 1971

Omwenga, mwana wa mama,

Bwakire. Mimi nitaanza na salamu, kwa sababu hasira haijawahi kumzuia mtu kusalimu. Sote ni wazima. Sikuumia. Mgongo ulikaza siku mbili tatu, Ondieki akanikanda kwa maji ya moto, ukaachia.

Umeuliza, nami nitajibu yote.

Niliyapeleka kule kwa sababu ni mahindi yangu. Nililima mimi, nilipalilia mimi. Ada ya shule ya watoto wawili ilikuwa inasubiri, na bei yako haikuifikia. Ya kule iliifikia. Sikukuona mwizi, Omwenga, na sikukuona adui. Nilifanya hesabu kama ambavyo wewe ungefanya. Bitutu tulitoka naye kwa sababu njia ni ndefu na yeye ana mkosi wa kuogopa punda wake mwenyewe.

Pale kwenye kizuizi walikuwa askari wawili. Walituuliza kibali, tukasema hatuna. Hawakutupiga. Tulikuwa tungali tumesimama lilipofika lori lako. Dereva hakunitambua, nilikuwa nimejifunga leso kichwani na mavumbi yamenijaa. Askari aliinua mti wa kizuizi, lori likapita limejaa mahindi ya watu wale wale ninaosali nao. Hapo ndipo jina lako lilipokuja mdomoni. Nakwambia kweli, lilifika kwenye meno.

Lakini nikamtazama Bitutu. Kama ningelitaja jina lako, ningepita mimi, na yeye angebaki. Yeye hana ndugu kwenye kamati. Basi nikalimeza.

Seli tuliwakuta wanawake wengine wanne wa mahindi. Tuliimba nyimbo za kanisa mpaka mmoja wa wale askari wa kizuizi akatuomba tupumzike kidogo. Kortini hakimu alikuwa mtu wa heshima. Aliuliza kama nina la kusema, nikamwambia, "Bwana, nilikuwa nawapelekea chakula watu wenye njaa, na walikuwa tayari kukilipia. Sijaelewa ni nani niliyemkosea." Kisha akasema sheria ni sheria, akatoza faini. Ondieki aliuza mbuzi.

Sikukuambia kwa sababu ungepiga simu, na mtu angeogopa, na faini yangu ingefutwa. Ya Bitutu ingebaki pale pale.

Sikuombi neno. Sikutumwa na mtu. Uliketi mwenyewe kwenye kiti hicho, na unajua mwenyewe utakalosema. Ila swali langu la mwezi wa sita lilipokelewa bila kujibiwa, na mimi nimelikumbuka sana nikiwa kwenye simenti.

Dada yako,
Bathsheba


Nairobi
12 Desemba 1971

Dada yangu mpendwa,

Bwakire. Natumaini mama na wote ni wazima, na kwamba Ondieki amepata mbuzi mwingine. Nimetuma mtu soko la Suneka amnunulie. Asikatae, ni zawadi yangu kwake kwa kukanda mgongo.

Nimekaa miezi miwili bila kukuandikia. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Nilianza majibu mara nyingi na kila mara nilijikuta najieleza, nikachana. Nikaona afadhali ninyamaze mpaka niwe na jambo la kusimulia. Sasa ninalo.

Kwanza nikuambie lile lililokuwa linapikwa Kitale. Yule bwana wa kinu aliniahidi uwakala mkubwa. Si Kisii peke yake, bali na wilaya jirani mbili. Mahindi yote ya upande wetu yangepita mikononi mwangu kwenda kwenye vinu. Hakutaka nifanye ubaya wowote. Alitaka tu vibali vibaki kama vilivyo, na mtu kutoka wilayani aunge mkono ili ionekane hata wananchi wanaridhika. Nami nilikuwa nimekwisha kuona lori zangu kumi zikipanda njia ya Keroka. Ndiyo sababu sikulijibu swali lako. Jibu lake lilikuwa linakula chakula na mimi.

Kikao cha mwisho kilikuwa wiki iliyopita. Rasimu ilisomwa, vibali vibaki. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, kwa sauti ya mtu anayevaa koti. Nikasimama.

Nikawaambia hoja ya njaa ya Nairobi naikubali, na Bodi iendelee kununua kwa bei yake ili mkulima asikose mnunuzi mwaka wa neema. Lakini kizuizi cha magunia matatu hakilishi Nairobi. Mzigo wa punda haujawahi kufika Nairobi. Kinachozuiwa ni chakula kisitoke kwa jirani kwenda kwa jirani. Watu wadogo waachwe wavushe mzigo mdogo bila karatasi, na sheria ibaki kwa malori.

Bwana wa kinu akatabasamu. Akasema anashangaa, maana mabwana wakubwa wa biashara ya magendo ndio wangefurahia maneno hayo, na labda rafiki yake wa Kisii ana faida yake iliyojificha.

Nikamjibu, "Faida yangu haijajificha. Mimi ndiye wakala. Kila gunia linalozuiwa pale barabarani linarudi kwenye stoo yangu kwa bei ninayoijua. Katika meza hii hakuna anayekula kutokana na kibali kuliko mimi, isipokuwa wewe. Kama mimi nasema kiondolewe, mnisikilize."

Ofisa mmoja kijana wa wizara, ambaye tangu mwezi wa tano hakuwahi kufungua mdomo isipokuwa kuomba chai, akauliza kama nina ushahidi wa hao wadogo. Nikasema ninao. Nikawaeleza habari za wanawake sita kwenye seli na yule aliyemuuliza hakimu amemkosea nani. Sikutaja jina. Nilisema tu kwamba alikuwa na ndugu ambaye jina lake lingemfungulia njia, na alikataa kulitumia. Mwenyekiti akaniuliza ndugu huyo ni nani. Nikamwambia, "Yuko hapa mbele yako."

Wengi hawakubadilika. Rasimu ilipita. Lakini kanuni zinaruhusu maoni ya wachache kuandikwa mwishoni, na Waziri huletewa yote. Nimeyaandika mwenyewe, nikatia sahihi. Yule ofisa kijana alinifuata kwenye ngazi akatia ya kwake chini ya yangu.

Sijui yatafika wapi. Ila kwa mara ya kwanza tangu nije huku, nilirudi hotelini nikala ule ugali wao wote.

Mdogo wako,
Obadiah


Nairobi
20 Februari 1972

Dada,

Bwakire. Najua mmesikia redioni, na Orpah ananiambia Keumbu watu walipiga vigelegele barabarani, lakini nataka uone kwa maandishi yangu. Serikali imekubali taarifa ya kamati karibu yote. Bodi inabaki, bei inabaki, vibali vya malori vinabaki. Lakini imechukua jambo moja kutoka kwenye maoni ya wachache. Kuanzia mwezi ujao, mtu yeyote anaweza kuvusha hadi magunia matano kutoka wilaya moja hadi nyingine bila karatasi yoyote. Nilitaka zaidi. Nimepata hayo, na ninaujua uzito wake kuliko aliyeyatangaza.

La pili ni hili. Uwakala wangu ulikuwa unaisha mwanzo wa mwaka na haukufanywa upya. Hakuna barua ya sababu. Nimewauliza, wakaniambia Bodi inapanga mawakala upya. Sina manung'uniko. Niliposimama pale nilijua ninakata tawi gani. Nina maduka mawili, lori mbili zimelala uani Kisii, na stoo ya Keumbu haina kitu ndani ila Machogu, ambaye bado anafagia kila asubuhi.

Nitarudi mwisho wa mwezi wa tatu. Wizara imeniomba nibaki kidogo niwasaidie kuandika kanuni za vizuizi, ili askari asije akaongeza za kwake.

Mwambie mama kiti kimekwisha, lakini mto nimeruhusiwa kuuchukua.

Obadiah


Nyamira
12 Machi 1972

Kwa Bwana Obadiah Omwenga, mfanyabiashara,

Salamu kwanza. Wote ni wazima. Mama amesema mto auone kwa macho.

Tulivuka juzi. Tulikuwa wengi, na punda wengi, mchana kweupe. Yule yule askari alikuwa pale. Alihesabu magunia ya kila mmoja, akaniangalia, akaniuliza kama mimi si yule mama wa nyimbo. Nikasema ndiye. Akainua mti. Bitutu alipita akiwa ameinua kidevu kama bibi harusi, punda wake akasimama katikati ya njia akakataa kusonga, tukalazimika kumsukuma sote pamoja na askari. Kule kwenye mashamba ya chai tuliuza yote kabla ya jua kuelekea machweo, tukipima kwa kopo la gorogoro, na wakatuuliza tutarudi lini.

Sasa nakuandikia kwa biashara, ndiyo maana nimeanza na Bwana. Tumeungana wanawake ishirini na watatu wa Nyamira na Keumbu. Mimi ndiye mwenyekiti, Bitutu mweka hazina, maana mwoga hapotezi pesa. Tunahitaji mahali pakavu pa kukusanyia mahindi, penye mtu anayejua fukusi na unyevu. Tunaomba kukodi stoo yako ya Keumbu, pamoja na Machogu. Kodi tutalipa kila mwezi bila kuchelewa. Hatutaki kupunguziwa kwa sababu ya undugu, na hatutaki kuongezewa kwa sababu hiyo pia.

Tafadhali jibu upesi. Kuna mtu mwingine kule soko la Daraja Mbili mwenye stoo.

Bathsheba Nyangate, Mwenyekiti


Nairobi
19 Machi 1972

Kwa Mwenyekiti Bathsheba Nyangate,

Barua yako nimeipokea na nimeijadili na mimi mwenyewe. Stoo ni yenu tangu leo, kwa kodi ya kawaida. Machogu ana ufunguo na nimemwambia bosi wake sasa ni nani, akasema alijua zamani. Yule mtu wa Daraja Mbili paa lake linavuja, muulize yeyote.

Lakini sharti moja. Punda ishirini hawatatosha mavuno ya mwezi wa nane, na kibali cha lori mnaweza kuomba kama kikundi. Kanuni nimeiandika kwa mkono wangu, ukurasa wa tatu, msome. Ninyi mna mahindi, mimi nina lori mbili zilizolala. Niandikie mtalipa kiasi gani kwa safari, nami nitakujibu kama kinanifaa. Na usinionee huruma kwa kuwa mimi ni mdogo wako.

Obadiah Omwenga, mwenye lori